Mdogo wangu ana kesi ya wizi dukani, Alhamisi anasomewa shtaka: tutegemee nini mahakamani?

DadaMkubwa
Wakuu, salamu kwenu. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 23, hajawahi kulala mahabusu hata siku moja. Jumamosi aliingia supamaketi kununua vitu vya nyumbani. Hakuchukua kikapu. Mikono ilipojaa, simu ikaita, akatumbukiza chaja kwenye mfuko wa koti ili apokee. Kwa keshia akalipia vilivyokuwa mikononi, akatoka. Mlangoni mlinzi akamshika bega. Wakampeleka chumba cha nyuma, wakampa karatasi iliyokwisha kuandikwa aisaini. Akasaini, kwa sababu aliambiwa akisaini yataisha pale pale. Hayakuisha. Polisi wakaitwa, sasa yuko nje kwa dhamana ya polisi na Alhamisi anasomewa shtaka.

Kinachoninyima usingizi ni ushauri anaopewa. Kila anayekutana naye anamwambia akiri tu, atapigwa faini, mchana yuko nyumbani. Yeye mwenyewe amezidiwa na aibu, anataka yaishe. Mimi moyo unakataa. Naombeni mnieleze siku hiyo inakwendaje. Nani anaongea kwanza? Akikataa kosa, anapelekwa gerezani papo hapo?

Karani Mstaafu
Pole sana, dada. Nimekaa miaka 26 chini ya meza ya hakimu, nikiita majalada, kusoma mashtaka na kutafsiri. Namba za vifungu hutofautiana nchi na nchi, lakini mwendo wa siku ya kwanza ni karibu uleule kila penye mahakama za mfumo uliotokana na Uingereza.

Fikeni mapema. Kwenye ubao wa matangazo hubandikwa orodha ya kesi za siku hiyo. Tafuteni jina lake, namba ya kesi na chumba. Mkilikosa, nendeni masjala mkaulize, msikae tu. Kisha mtasubiri, na mnaweza kusubiri saa nyingi, kwa hiyo asipange jambo lingine siku hiyo. Simu izimwe. Jina likiitwa anaingia kizimbani, anasimama, anamwita hakimu "Mheshimiwa". Ataulizwa jina, umri, anaishi wapi, anafanya kazi gani. Halafu shtaka linasomwa, na baada ya kusomwa anaulizwa swali moja: ni kweli au si kweli?

Hapo, dada, ndipo pa kuangalia. Nimeona watu wengi wakijifunga kwa neno moja. Mtu anaulizwa, "Ni kweli uliiba?" Anajibu, "Ni kweli nilichukua." Kwetu nyumbani kuchukua na kuiba havifanani, lakini mbele ya mahakama yenye majalada hamsini mezani jibu hilo linaweza kuandikwa kuwa amekiri. Wizi ni kuchukua mali ya mtu bila ridhaa yake, kwa udanganyifu, kwa nia ya kumnyima moja kwa moja. Nia ikikosekana, wizi haupo. Aliyesahau chaja mfukoni amechukua, hajaiba. Basi jibu lake, kama hivyo ndivyo ilivyokuwa, ni fupi: "Si kweli, Mheshimiwa." Hadithi ya simu na mikono kujaa ina siku yake, siyo ile.

Na asidhani akikiri anaweza kugeuka baadaye kwa urahisi. Kenya na Tanzania sheria ya mwenendo wa jinai inasema aliyekiri kosa mwenyewe hana rufaa ila kuhusu adhabu, ukubwa wake au uhalali wake. Kutoka hapo inabidi uonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro, na hiyo ni njia ndefu.

DadaMkubwa
Asante sana mzee wangu, mpaka mwili umesisimka. Sasa kama kwa kiwewe akajibu vibaya, hakuna kinga yoyote pale pale?

Karani Mstaafu
Ipo, na ni nzuri, tatizo ni kwamba watu hawaijui. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliiweka wazi mwaka 1973, kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri. Hakimu anatakiwa kumweleza mshtakiwa shtaka na kila kipengele chake kwa lugha anayoielewa. Jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Akikiri, mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio, yaani nini kilitokea, lini, wapi, alikutwa na nini. Halafu mshtakiwa anaulizwa kama anayakubali, au ana la kupinga au kuongeza. Akikataa jambo la msingi, au akisema kitu kinachotia shaka kama kweli ana hatia, kukiri kunafutwa na inaandikwa kwamba amekana.

Kwa hiyo akiteleza mwanzoni, bado ana nafasi ya pili maelezo yakisomwa. Akisikia "aliificha chaja kwa nia ya kuiba", aseme palepale: "Hapana Mheshimiwa, sikuificha, nilisahau kulipia." Kichwa kisitikiswe kwa kukubali kila kitu kwa sababu ya adabu. Watu wetu tumelelewa kumwitikia mkubwa, na adabu hiyo kizimbani imewagharimu wengi.

Swali lako la gerezani: kukana hakumpeleki mtu gerezani. Kinachofuata ni dhamana. Nendeni na wadhamini wawili wenye vitambulisho na makazi yanayojulikana, hata kama mnadhani mmoja atatosha. Anayelala rumande kwa kosa dogo mara nyingi ni kwa sababu mdhamini alichelewa au alisahau kitambulisho nyumbani.

Mlinzi wa Zamani
Habarini wakuu. Nimelinda maduka makubwa miaka 11 na nimetoa ushahidi mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Naandika hapa kwa sababu jambo moja linaniuma hadi leo, nitalisema mbele.

Dada, tulifundishwa hivi kabla ya kumkamata mtu: umwone akikaribia rafu, umwone akichagua kitu, umwone akikificha, usimpoteze machoni hata sekunde, umwone akipita sehemu ya kulipia bila kulipa, ndipo umsimamishe. Kiungo kimoja kikikosekana, unamwacha aende. Sasa mahakamani wakili mzuri anakuuliza viungo hivyo kimoja kimoja. Ulikuwa umesimama wapi? Kati yako na yeye kulikuwa na nini? Ulimwona kwa macho yako au uliambiwa na wa chumba cha kamera? Alipotia mfukoni alitazama huku na huku, au alikuwa anaongea na simu? Alipitia kwa keshia au alipita mlango wa pembeni? Ulipomsimamisha alikimbia, alibishana, au alishangaa? Kila jibu linabeba uzito, kwa sababu nia haionekani kwa macho. Hakimu anaisoma kwenye matendo.

Mdogo wako alilipia vitu vingine. Risiti ipo? Itunzwe kama yai. Yenyewe haimtoi, maana wapo wanaolipia viwili na kuficha cha tatu, lakini inaonyesha saa, na saa inaweza kulinganishwa na kumbukumbu za simu aliyopokea. Huo ni ushahidi mzuri kuliko kilio.

Kamera. Mwendesha mashtaka huleta kipande kifupi, mkono unaingia mfukoni, basi. Ombeni mkanda mzima, tangu anaingia dukani mpaka anasimamishwa. Na muombe haraka, kwa barua, kwa duka na kwa mpelelezi. Mashine hizi hujifuta, picha mpya zinaandikwa juu ya za zamani baada ya muda fulani. Nimeshuhudia mkanda uliokuwa unamtetea mtu ukifutika wakati ndugu zake wanahangaika kumtafuta wa kumwona.

Sasa lile linaloniuma. Zile karatasi za chumba cha nyuma. Tuliwasainisha watu wakiwa wanatetemeka, mlango umefungwa, tukiwaambia "saini uende zako". Wengine hawakuisoma. Ni kosa na nilishiriki. Wakijaribu kuitoa kama kielelezo, yeye au wakili wake apinge palepale, kabla haijapokelewa, na aeleze aliahidiwa nini na nani alikuwepo chumbani. Ikishapokelewa bila neno, ukisema baadaye hakimu atakuuliza ulikuwa wapi siku ile.

Msafiri
Naomba kuuliza, mbona wengine wanasema kama hujavuka mlango huwezi kushtakiwa? Nilidhani ndiyo sheria.

Mlinzi wa Zamani
Hapana ndugu, hilo ni la mitaani. Sisi tulingoja avuke kwa sababu inarahisisha ushahidi. Karani atalieleza vizuri.

Karani Mstaafu
Ni hivyo. Uingereza kuna kesi ya McPherson ya 1973. Chupa mbili za wiski zilitiwa kwenye mfuko binafsi ndani ya duka. Mahakama ikasema wizi ulikamilika pale zilipoingia mfukoni, ingawa hawakuwa wametoka. Mwaka 1983 ikaja ya Morris, aliyebadilisha lebo za bei ili alipe pungufu. Huo nao ni wizi, hata kama alikwenda kwa keshia. Mlango unasaidia kuthibitisha nia tu.

Ila kuna kesi nyingine ya huko huko ambayo, dada, ningependa mdogo wako aijue. Clarke, 1972. Mwanamke aliyekuwa na sonona alitia vitu vichache vya supamaketi kwenye begi lake badala ya kikapu, akapita. Alisema hakujua anafanya nini, akili ilihama. Hakimu akauita utetezi huo wa wazimu. Kwa kuogopa kutajwa mwendawazimu, mama yule akakiri. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hatia yake: kupitiwa kwa muda si wazimu, na mtu aliyepitiwa hana nia ya kuiba. Nikiwafikiria watu waliokiri ili tu waondoke kizimbani, humkumbuka yeye. Yeye alipata mahakama ya juu ya kumsikiliza.

Mama Pacha
Nimesoma yote na nimefuta nilichoandika mara tatu. Mimi niliiba kweli. Naandika kwa ajili ya wale watakaosoma uzi huu wakiwa na hali kama yangu, maana ushauri wa kukana hauwahusu wote.

Nilikuwa nimejifungua mapacha, mume hayupo, nikatia nguo za watoto na maziwa ya kopo chini ya blanketi la kigari. Walinishika nikiwa na mapacha wenyewe. Wakili wa msaada wa kisheria alikaa nami nusu saa, akanionyesha mkanda. Hakukuwa na kusahau pale. Akaniambia ukikiri mapema mahakama inahesabu, na hukumu inakuwa nyepesi kuliko ukiwaita mashahidi wote waje kusema kile unachokijua. (Baadaye nilisoma kwamba Uingereza mwongozo wa adhabu unaruhusu punguzo la hadi theluthi moja kwa anayekiri nafasi ya kwanza.)

Nilikiri. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo, nikayakubali. Akaulizwa kama nina kosa la nyuma, akasema hana kumbukumbu. Halafu hakimu akaniuliza nina la kusema kabla ya adhabu. Hapo ndipo jiandaeni, wapendwa. Mimi sikujua kama kuna nafasi hiyo, wakili alikuwa amenikumbusha nije na makaratasi: vyeti vya watoto, barua ya kiongozi wa mtaa, risiti kwamba nilikwishalipa duka thamani ya vitu, barua ya kliniki kuhusu hali yangu baada ya kuzaa. Niliongea sentensi nne. Sikumlaumu mtu. Nikaachiwa kwa masharti ya kutotenda kosa miezi 12. Wengine waliokuwa kwenye foleni ile walipata faini, mmoja huduma kwa jamii, na mmoja aliyekuwa na makosa matatu ya nyuma alikwenda jela.

Nililokosea ni kutouliza kuhusu kumbukumbu ya hatia. Nilidhani kuachiwa ni kufutwa. Mwaka uliofuata niliomba kazi ya kushika fedha, kwenye fomu kuna swali la kama umewahi kutiwa hatiani, nikabaki na kalamu mkononi. Wizi ni kosa la uaminifu, waajiri wanaliangalia kuliko hata ugomvi. Ulizeni wakili kabla ya kujibu shtaka: hii itaandikwa wapi, itakaa muda gani, na kuna utaratibu wa kunielekeza kwenye mpango wa nje ya mahakama kwa mkosaji wa mara ya kwanza?

DadaMkubwa
Mama Pacha, Mungu akubariki. Najua haikuwa rahisi kuandika.

Msafiri
Naongezea kwa walio ugenini. Mimi niko Marekani. Huku kosa dogo kama hili linaweza kugusa kibali cha kuishi, hata kama adhabu ni ndogo. Mwaka 2010, kwenye kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama Kuu ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja mgeni hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri. Basi mwambieni wakili hali yenu ya uhamiaji, msione haya.

Na rekodi ya nyuma ni mzigo mzito. California, Gary Ewing aliiba fimbo tatu za gofu, kila moja dola 399. Kwa sababu ya hatia zake za awali alifungwa miaka 25 hadi maisha, na mwaka 2003 Mahakama Kuu ikaiacha adhabu hiyo isimame. Sheria za kule zimebadilishwa tangu hapo, lakini nilipoisoma nilielewa kwa nini hatia ya kwanza isichukuliwe kirahisi.

Swali langu: duka limemwandikia rafiki yangu barua alipe fidia. Akilipa, kesi inakufa?

Karani Mstaafu
Haifi yenyewe. Barua ya fidia ni madai ya duka. Shtaka ni la serikali, na duka ni mlalamikaji tu. Duka linaweza kuandika kwamba halitaki kuendelea, na mwendesha mashtaka akalipima, lakini uamuzi ni wake. Kulipa kunasaidia wakati wa adhabu. Kwa anayekana kosa, aonane na wakili kwanza, maana malipo yanaweza kutafsiriwa vibaya. Na yeyote atakayesema "nipe kitu nilimalize jalada", mkimbie. Anakuongezea kosa la pili.

Mzazi mwenye mashaka
Samahani kuingilia. Wangu ana miaka 15, ameshikwa na wenzake wawili. Ni yale yale?

Karani Mstaafu
Si yale yale, mzazi. Mtoto husikilizwa na mahakama ya watoto au kikao cha faragha, umma hauingii, wewe unakaa naye, na afisa ustawi wa jamii huandaa taarifa ya maisha yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unasema kumfunga mtoto ni hatua ya mwisho na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Dai afisa ustawi aitwe mapema. Na mtoto asihojiwe na polisi bila wewe kuwepo.

DadaMkubwa
Wazee wangu, naomba la mwisho kabla ya Alhamisi. Akishakana, halafu?

Karani Mstaafu
Kesi inaahirishwa, itapangiwa tarehe. Andikeni tarehe hiyo mahali pawili. Asipotokea hata mara moja, hati ya kukamatwa inatoka na wadhamini wanaitwa kujieleza. Akiugua, mdhamini afike na karatasi ya hospitali.

Siku ya kusikilizwa, upande wa mashtaka unaanza: mlinzi, meneja au mtu wa kamera, askari mpelelezi. Kila mmoja akimaliza, mdogo wako au wakili wake anamhoji. Akiwa peke yake, aulize maswali, asitoe hotuba. "Uliniona nikipokea simu?" ni swali. Wakimaliza mashahidi, hakimu anaamua kama kuna kesi ya kujibu. Ikiwa ushahidi wao haugusi kipengele kimoja cha kosa, anaachiwa hapo bila kusema neno. Ikiwa ipo, anachagua: kujitetea kwa kiapo, au kukaa kimya. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 14, unampa haki ya kutolazimishwa kujishuhudia, kuwahoji mashahidi, kuwa na mkalimani bure kama haelewi lugha ya mahakama, na kukata rufaa akitiwa hatiani. Lakini kwenye kesi ya kusahau, kimya mara nyingi hakisaidii, maana hakuna mwingine anayejua kilichokuwa kichwani mwake. Akijitetea aeleze mara moja, kwa mpangilio, na akiulizwa asilokumbuka aseme hakumbuki.

Mzigo wa kuthibitisha pasipo shaka ni wa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Hatakiwi kuthibitisha kwamba alisahau. Inatosha hakimu abaki na shaka ya msingi.

DadaMkubwa
MREJESHO. Tumerudi. Tulifika asubuhi sana, jina likaitwa saa sita kasoro. Shtaka lilisomwa haraka, mdogo wangu akaomba lirudiwe polepole, hakimu akakubali bila hasira. Akajibu kama mlivyotufundisha: si kweli, Mheshimiwa. Sauti ilikatika lakini aliitoa. Mbele yake kijana mwingine alisema "nilichukua lakini sikuwa na nia", hakimu mwenyewe akasimama hapo, akamwuliza tena, na akaandika kwamba amekana. Nilimkumbuka mzee Karani.

Dhamana ilipita, mdhamini wa kwanza alikuwa na kitambulisho kilichoisha muda, wa pili akatuokoa. Kesi imeahirishwa wiki tatu. Risiti tunayo, na orodha ya simu za siku ile tumeomba kwa kampuni ya simu. Kuhusu kamera nilimwuliza mpelelezi nje ya chumba, akasema mkanda "upo", hakusema ni kipande au ni wote.

Mlinzi wa Zamani
Neno "upo" lisikutulize, dada. Barua iende kesho asubuhi, itaje tarehe, saa aliyoingia na saa aliyosimamishwa, na kamera ya mlangoni, ya rafu ile na ya juu ya keshia. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.